Gurudumu la begi likilika: kulifunika, kulibadilisha, kung'oa kikombe chote, au kununua begi jipya

Mtu anayeshuka boti katika bandari ya Malindi, Unguja, na kulivuta begi lake hadi nyumbani ndani ya Mji Mkongwe, hulipitisha juu ya sakafu za kila namna kwa mwendo wa dakika kumi tu: daraja la chuma la boti, lami, matofali ya saruji, mawe, mchanga na kingo za mitaro. Gurudumu linalobeba mzigo huo wa kilo 20 au zaidi kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 40 hadi 60, yaani halizidi sana upana wa vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, wala halikubuniwa kwa njia kama hizo. Bernard Sadow, Mmarekani aliyepata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, aliwaza viwanja vya ndege, na sanduku lake lilikuwa na magurudumu manne na mkanda wa kulivutia. Robert Plath, rubani wa shirika la ndege la Northwest Airlines, mwaka 1987 alilisimamisha sanduku wima juu ya magurudumu mawili na kulitia mpini mrefu, na sakafu aliyoikusudia ilikuwa hiyohiyo laini.

Kwetu, basi, magurudumu ya begi lazima yatalika, na mara nyingi hulika wakati zipu, bitana na mpini bado ni vizima. Mwenye begi hapo ana njia tano: kulifunika gurudumu kwa mpira, kutia gurudumu jipya ndani ya kikombe kilekile (yaani kile kipande cha plastiki kwenye pembe ya begi kinacholishika gurudumu), kung'oa kikombe chote na kutia kingine, kumpelekea fundi, au kununua begi jipya. Nimezijaribu zote kwa miaka mingi ya kusafiri kati ya Unguja, Dar es Salaam na Muscat, na ninazilinganisha hapa kwa sababu nimeona mabegi mengi mazuri yakitupwa kwa kasoro ya kipande kidogo cha plastiki. Hukumu yangu naitoa mapema: begi la magurudumu mawili karibu kila mara linastahili gurudumu jipya linalotiwa nyumbani; begi la magurudumu manne yanayozunguka pande zote mara nyingi linahitaji kikombe kizima; na kufunika kwa mpira ni njia ya kumfikisha msafiri nyumbani, isiyofaa kutegemewa kwa safari nyingine.

Kwanza ijulikane kilichokufa

Lilaze begi chali juu ya meza, lizungushe kila gurudumu kwa kidole, kisha lishike na ulitikise kulia na kushoto. Gurudumu lililolika upande mmoja tu, likawa bapa kama limekatwa kwa kisu, lilikuwa limekwama na kuburuzwa. Tatizo lake la asili liko kwenye ekseli, yaani chuma cha kati ambacho gurudumu huzunguka juu yake, na mpira ulilika baadaye. Gurudumu linalozunguka vizuri lakini linayumba lina tundu la kati lililopanuka au beringi iliyokwisha. Gurudumu lililo zima, ambalo hata hivyo linagusa ukuta wa kikombe chake, linaonyesha kwamba kikombe kimepinda au kimepasuka, na hapo gurudumu jipya halitasaidia kitu, kwa kuwa nalo litaliwa na ukuta huohuo ndani ya safari mbili.

Kabla ya kununua chochote, chungulia pembeni mwa ekseli. Nywele, nyuzi za mazulia na vipande vya kanga hujizungusha hapo mpaka vikawa kama kamba, vikalibana gurudumu lisizunguke. Niliwahi kuletewa begi lililokwisha kuhukumiwa kutupwa, nami nikatoa kwa sindano na wembe fungu la nyuzi lenye ukubwa wa punje ya karanga. Begi lile bado linasafiri. Kazi hiyo haigharimu kitu, na ni aibu kuruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja dukani.

Lipo pia kundi la magurudumu yanayokufa bila kutembea, na jambo hili watu wa pwani wanapaswa kulielewa kuliko wengine. Sehemu laini ya nje ya magurudumu mengi ya leo imetengenezwa kwa poliurethani, na aina nyingi za poliurethani huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa: maji hukata minyororo ya kikemikali inayoishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Shangazi yangu alirudi Hijja akaliweka begi lake juu ya kabati, akalifunika vizuri kwa shuka, na baada ya miaka saba akalitoa kwa ajili ya Umra. Halikufika hata kwenye lango la nyumba. Magurudumu yalimong'onyoka kama mkate mkavu, yakaacha vipande vya rangi ya kahawia na utandu unaonata sakafuni, naye alihuzunika akidhani ameuziwa kitu kibovu. Mpira wa namna hiyo hauungiki kwa gundi yoyote, kwa sababu hakuna mpira uliobaki wa kushikana na gundi. Dalili yake ni kunata, kubadilika rangi kuelekea njano au kahawia, na kukatika unapoubonyeza kwa ukucha. Ukiziona dalili hizo kwenye gurudumu moja, hesabu kwamba yaliyobaki nayo yamo njiani, hata kama kwa macho yanaonekana mazima.

Kulifunika gurudumu kwa mpira

Njia hii ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, kwa sababu malighafi yake iko kila mahali. Mtu hukata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, huivuta juu ya gurudumu lililolika, na pengine huongeza pete ya pili na ya tatu pamoja na gundi ya viatu. Wengine hukata ukanda wa tairi la gari, mpira uleule unaotengenezewa makatambuga, wakaupigilia au kuugandisha. Gharama ni ndogo mno, kazi huchukua nusu saa, na hakuna haja ya kukata ekseli wala kufungua bitana.

Faida hizo zinakoma hapo. Pete ya tyubu ni nyembamba, na mshiko wake unategemea kubana tu; begi likivutwa juu ya lami yenye jua la saa saba mchana, mpira hupata joto, hulegea na kutoka pembeni. Ukanda wa tairi ni mgumu na wa kudumu, lakini ni mnene, na vikombe vingi vya begi huacha nafasi ya milimita chache tu kati ya gurudumu na ukuta, hivyo gurudumu lililonenepeshwa hukwama. Gundi nayo ina adui ambaye wengi hawamfahamu: kitovu kigumu cha gurudumu mara nyingi ni polipropilini, plastiki ambayo gundi za kawaida haziishiki. Ukiona kwenye plastiki pembetatu ya mishale yenye namba 5, hiyo ndiyo polipropilini, na gundi iliyokauka juu yake utaibandua kwa ukucha kama ganda. Unaweza kuikwaruza kwa msasa ili ishike zaidi, na itashika zaidi kidogo, lakini haitashika kwa safari nzima.

Niliitumia njia hii mara moja kwa faida ya kweli, nilipokuwa Dar es Salaam na boti ikiondoka baada ya saa moja. Pete mbili za tyubu zilinifikisha nyumbani. Kwa dharura kama hiyo ninaisifu kwa moyo wote. Anayeitegemea kwa safari ya wiki mbili ughaibuni atajikuta anabeba begi kichwani.

Gurudumu jipya ndani ya kikombe kilekile

Hapa ndipo panapostahili subira, kwa sababu ndiyo njia inayorudisha begi katika hali yake kwa gharama ndogo, na kwa kuwa makosa yake yote yanatokana na vipimo, wala hayatokani na ugumu wa kazi yenyewe.

Magurudumu ya begi huuzwa kwa jozi, pamoja na ekseli za bolti, washa (pete bapa za kuwekwa pembeni mwa gurudumu) na funguo ndogo za pembe sita. Ekseli hizo huwa na vipande viwili: mrija wenye nyuzi ndani yake, na skrubu inayoingia kutoka upande wa pili, ili mtu azikaze kwa funguo mbili kutoka pande zote mbili. Vipimo vya kujua ni vinne: kipenyo cha gurudumu, unene wake, kipenyo cha ekseli, ambacho mara nyingi ni milimita 6, na urefu wa ekseli, ambao kwa kawaida ni milimita 30, 35 au 40. Kosa kubwa kuliko yote ni kupima gurudumu lililolika na kununua linalolingana nalo. Gurudumu lililozaliwa na milimita 50 linaweza kuwa limebaki na 46, na ukinunua la 46 begi lako litaburuza pembe zake chini. Pima gurudumu ambalo halijalika, kama lipo. Kama yote yamelika, pima nafasi iliyo ndani ya kikombe kutoka katikati ya ekseli hadi ukuta, zidisha kwa mbili, kisha ondoa milimita 4 au 6 ili gurudumu lipate kupumua pande zote.

Ekseli ya kiwandani kwa kawaida ni ribiti, yaani chuma kilichopondwa pande zote mbili kisitoke, kwa hiyo lazima ikatwe. Penyeza wembe wa msumeno wa chuma kati ya gurudumu na ukuta wa kikombe, ukiwa umeuzungushia karatasi ya gundi ili plastiki ya ukuta huo isikwaruzwe, na ukate polepole kwa mkono. Mashine ya kukatia ya umeme ni ya haraka, lakini chuma hupata moto kwa sekunde chache tu na moto huo huyeyusha matundu ya kikombe, ambayo ndiyo yatakayoshikilia ekseli mpya; kwa hiyo nawasihi wasio na uzoefu waiache. Kwa msumeno wa mkono, kila ekseli hunichukua dakika kumi hadi ishirini. Vaa miwani, kwa maana vumbi la chuma huruka kuelekea usoni, na jicho halina spea.

Baada ya gurudumu la zamani kutoka, safisha kikombe, tia gurudumu jipya na washa zake, pitisha ekseli, na uikaze mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba na bila kubanwa. Ekseli ndefu kupita kiasi hutokeza nje ya kikombe na kunasa kila kitu, na fupi hushika nyuzi mbili tatu tu, ikachomoka. Mtikisiko wa njia zetu hulegeza skrubu hizi, na huo ndio udhaifu halisi wa njia hii ikilinganishwa na ribiti ya kiwandani. Dawa yake ni tone la gundi ya kufungia bolti au, kama haipatikani, tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kukaza mara ya mwisho. Beba ile funguo ndogo ndani ya mfuko wa begi, na uangalie kila baada ya safari.

Badilisha yote mawili kwa pamoja, hata kama moja linaonekana zima. Begi lenye gurudumu moja jipya na moja lililolika huinama, huvuta kwenda upande mmoja, na kulilemea lile jipya.

Kuhusu aina ya gurudumu, ulinganisho wangu ni huu. Poliurethani laini ndiyo tulivu zaidi na ndiyo inayoishika njia vizuri; ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na magurudumu ya viatu vya kuteleza (viatu vyenye magurudumu chini yake), ambayo ni ndugu wa karibu wa magurudumu haya, mengi huwa kati ya 78A na 85A. Kasoro yake nimekwisha kuieleza: unyevu. Mpira wa kawaida mweusi unastahimili unyevu vizuri zaidi, ingawa jua huupasua na huacha mistari myeusi juu ya vigae vyeupe, jambo ambalo wenye nyumba hawalifurahii. Plastiki ngumu isiyo na mpira haiozi, wala haimong'onyoki, na ndiyo maana mabegi ya bei nafuu huwekewa; lakini kelele yake alfajiri katika kichochoro inaamsha mtaa mzima, na kwa kuwa hainyonyi mshtuko hata kidogo, kila jiwe hupeleka pigo lake moja kwa moja kwenye kikombe, kikapasuka mapema. Kwa mtu anayesafiri kila mwezi napendekeza poliurethani, kwa maana ataimaliza kwa kutembea kabla unyevu haujaimaliza. Kwa mtu anayesafiri mara moja katika miaka mitano, kama shangazi yangu, nampendekezea mpira mweusi bila kusita.

Watu hupenda kuuliza kama magurudumu ya viatu vya kuteleza yanaweza kutiwa kwenye begi. Yanaweza, kwa baadhi ya mabegi ya magurudumu mawili yenye vikombe vikubwa, na matokeo yake ni mazuri sana, kwa sababu beringi zake ni bora na kubwa. Beringi ya kawaida ya viatu hivyo, inayoitwa 608, ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha milimita 22 na unene wa milimita 7. Kwa hiyo juu ya ekseli ya milimita 6 inahitaji mrija mwembamba wa kuziba pengo, vinginevyo itacheza na kuharibika. Unene wa gurudumu lenyewe ni milimita 24, na vikombe vingi havilipokei. Kipenyo nacho kina hesabu yake: ukitoka milimita 50 kwenda 76 begi linainuka kwa milimita 13, na mashirika mengi ya ndege hupima begi la kuingia nalo ndani pamoja na magurudumu na mpini wake. Begi lililokuwa linaingia barabara kwenye kipimo cha sentimita 55 halitaingia tena, na mwenyewe ataligundua hilo mlangoni mwa ndege.

Mafuta pia yanahitaji neno moja. Beringi zilizofunikwa pande zote hazihitaji kitu. Gurudumu lisilo na beringi, linalozunguka moja kwa moja juu ya chuma, hufurahia grisi kidogo ya silikoni. Mafuta ya cherehani na ya kupikia huvuta mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta ni msasa. Mafuta mengine huweza pia kuitia nyufa polikaboneti, plastiki ambayo maganda ya mabegi mengi magumu yametengenezwa nayo.

Kikombe kizima

Begi la magurudumu manne limejengwa kwa namna nyingine. Kila gurudumu, au jozi ya magurudumu madogo, limening'inia kwenye uma unaozunguka juu ya mhimili wa wima, na uma huo umo ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye pembe ya begi. Katika baadhi ya mabegi ekseli ndogo ya chini inaweza kukatwa na kubadilishwa kama nilivyoeleza. Lakini mara nyingi kinachokufa ni ule mhimili wa wima au uma wenyewe, kwa sababu begi husukumwa likiwa limesimama, na kila kizingiti hupiga uma kutoka pembeni.

Hapo njia ni kung'oa kikombe chote. Fungua zipu ya bitana ndani ya begi. Mengi yana zipu hiyo chini, na yasiyo nayo yanahitaji bitana kufumuliwa na kushonwa tena. Utakuta skrubu za nyota tatu au nne kwa kila kikombe, au ribiti, ambazo hutolewa kwa drili yenye ncha nyembamba. Kazi ya kung'oa na kutia ni nyepesi kuliko kukata ekseli kwa msumeno. Ugumu uko kwenye kupata kikombe kinacholingana. Matundu ya skrubu hutofautiana kutoka begi hadi begi, kikombe cha kulia si sawa na cha kushoto, na umbo la pembe lazima likubaliane na mkunjo wa ganda. Anayeagiza kwa mtandao apime umbali kati ya matundu kwa milimita, aangalie herufi na namba zilizochorwa kwenye plastiki ya kikombe, apige picha za pande zote, na asiagize kwa kutegemea kufanana kwa sura. Mimi niliagiza kwa sura mara moja, nikapokea vikombe vinne vya kushoto.

Njia niliyoiona inafaa kuliko kuagiza ni kuchinja begi jingine. Katika masoko ya mitumba, na hata katika nyumba zetu wenyewe, kuna mabegi yaliyochanika ganda au kufa zipu huku magurudumu yake yakiwa mazima. Begi la aina na ukubwa uleule ni ghala la spea: vikombe vinne, skrubu zake, na pengine mpini. Vikombe vya begi tofauti kidogo vinaweza kukubali kwa kutoboa matundu mapya, lakini ndani ya ganda tia washa pana chini ya kila nati, ili uzito ugawanyike na plastiki isipasuke kuzunguka tundu. Jaribu pia kucha kwenye mpira wa gurudumu kabla ya kulilipia begi hilo, kwa sababu ile habari ya unyevu inahusu mitumba kuliko kitu kingine chochote.

Kati ya njia hizi mbili za nyumbani, gurudumu peke yake ni rahisi kupatikana na gumu kidogo kutia. Kikombe kizima ni rahisi kutia na kigumu kupatikana. Kwa begi lililopasuka kikombe hakuna uchaguzi, maana gundi ya epoksi juu ya ufa wa kikombe kinachobeba uzito hudumu mpaka ngazi ya kwanza tu.

Fundi, au begi jipya

Fundi viatu wengi katika miji yetu hutengeneza pia mabegi, na kwa zipu na mishono hawana mpinzani. Kwa magurudumu wanatofautiana. Mzuri nimjuaye ni mzee mmoja anayekaa karibu na Darajani, ambaye nilimpelekea begi nikiwa na hakika kwamba magurudumu yamekwisha. Aliligeuza, akalitikisa, akasema, “Mwanangu, gurudumu zima hili. Kilichokwisha ni chuma cha kati. Ukinunua gurudumu utakuwa umetibu mguu wakati kinachouma ni nyonga.” Nikamwambia, “Basi nitengenezee hicho chuma, mzee wangu,” naye akatia bolti yenye nati ya kujikaza, akakata mkia wake, akaulainisha kwa tupa, na akanitoza chini ya bei ya jozi moja ya magurudumu mapya.

Fundi wa namna hiyo anamzidi mtu wa nyumbani kwa sababu ana jiliwa, drili, sanduku la bolti za kila urefu, na rundo la mabegi yaliyokufa ya kuchinja. Lakini wapo wanaopigilia msumari mahali pa ekseli. Msumari ni chuma laini, hupinda na kushika kutu kwa hewa ya chumvi, na ukishapinda hutanua matundu ya kikombe, ukageuza kazi ya gurudumu kuwa kazi ya kikombe. Muulize fundi kabla hajaanza atatia nini katikati. Akisema bolti, mwachie begi. Akisema msumari, mshukuru na uondoke nalo.

Mwenye begi lililovunjwa na shirika la ndege asianze na msumeno wala fundi. Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa ndege wa kimataifa, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unamtaka abiria alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu alipopokea begi lililoharibika, na ukilitengeneza kabla ya kulalamika umejiondolea ushahidi. Andikisha uharibifu palepale uwanjani kabla ya kutoka, piga picha, na utunze kile kipande chenye namba ya begi. Mkataba huohuo unamwondolea msafirishaji dhima pale uharibifu unapotokana na kasoro au hali ya begi lenyewe, kwa hiyo gurudumu lililolika kwa miaka halitalipwa. Kikombe kilichong'oka pamoja na kipande cha ganda ni habari nyingine.

Begi jipya ninalipendekeza katika hali tatu. Ganda likiwa limepasuka mahali ambapo kikombe kinafungwa, hakuna skrubu itakayoshika. Mpini ukiwa umekufa pamoja na magurudumu, gharama za spea mbili hukaribia bei ya begi la kawaida. Na begi likiwa la bei nafuu mno, lenye kikombe kilichofinyangwa pamoja na ganda kama kitu kimoja, halikutengenezwa ili litengenezeke, na ninasikitika kusema hivyo kwa sababu mabegi hayo ndiyo yanayonunuliwa na watu wenye kipato kidogo, ambao hulazimika kuyanunua tena na tena.

Anayekwenda dukani kununua jipya aligeuze kabla ya kuuliza bei. Atafute vichwa vya skrubu kwenye vikombe. Vikionekana, siku moja vitafunguka. Afungue ndani aone kama bitana ina zipu. Alizungushe kila gurudumu na kusikiliza, alikandamize ganda juu ya pembe aone kama kikombe kinacheza. Kwa njia za mawe na mchanga achague magurudumu mawili makubwa yaliyozama nusu ndani ya mwili wa begi, kwa maana yamekingwa na hayana uma wa kuvunjika. Magurudumu manne ni raha kwa anayetoka teksi kuingia uwanjani na kutoka uwanjani kuingia teksi, hasa kwa mzee asiyeweza kuvuta uzito nyuma yake, na kwa safari hizo nisingemkataza mtu.

Begi langu la sasa ni la magurudumu mawili, ya milimita 50 kwa unene wa 18, juu ya ekseli za bolti za milimita 35, na jozi iliyopo ni ya tatu. Jozi ya nne sijainunua, kwa sababu poliurethani inayokaa kabatini Unguja inazeeka sawa na inayotembea. Nitaipima na kuitafuta siku nitakapoona hii ya tatu imepungua milimita 3.